Reli ya Sebuleni na Makingamaji Niliyokosea



Wengi mlitegemea leo niandike kuhusu mbegu za alizeti. Tutafika huko. Leo naomba tuzungumze juu ya kitu kilichokaa sebuleni kwangu hapa Nkuhungu kiangazi chote, mpaka wageni wakawa wanakalia ndoo. Ni reli ndogo ya kuchezea, na nchi yake yote: kilima, mashamba, mibuyu, tembe, korongo na mbuzi. Nitakueleza namna tulivyoijenga, hatua kwa hatua, ili na wewe ukitaka kuwajengea watoto uweze. Halafu nitakueleza kosa langu ambalo reli hiyo ililitoa hadharani. Ukichoka na habari za gundi na kadibodi, vumilia. Shamba linakuja.

Ilivyoanza

Mwanangu ana miaka 9. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma, Julai 2024, hana wimbo mwingine. Baba yangu mdogo, aliyestaafu kazi ya gengi kwenye reli ya zamani, alikuja kukaa nasi kwa matibabu ya macho. Mtoto akamwomba amtengenezee treni. Mzee akachonga kichwa cha treni na mabehewa manne kwa mbao ya mkaratusi, kazi ya siku mbili. Mtoto akayasukuma kwenye sakafu jioni moja, akachoka.

Mzee akasema, "Treni bila nchi ni kipande cha mti tu. Tumjengee nchi."

Ndipo nikaingia mimi, maana mambo ya ardhi ndiyo kazi niliyosomea.

Kipimo kwanza

Ukijenga bila kipimo utapata mbuzi mkubwa kuliko nyumba. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaopenda kazi hii hutumia sana kipimo cha 1 kwa 87, na reli zao ndogo wanazinunua dukani. Sisi tulichagua 1 kwa 100, kwa sababu kila mtu aliyewahi kushika rula anaielewa: sentimita 1 ni mita 1.

Ukishachagua hivyo, hesabu zinakuja zenyewe. Reli yetu ya zamani, ile Wajerumani waliyoanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Kwenye modeli ni sentimita 1 kamili. SGR ina milimita 1,435, kwa hiyo ni sentimita 1.4. Tembe la mita 2 ni sentimita 2. Mbuyu wa mita 15 ni sentimita 15. Mtu mzima hafiki sentimita 2.

Tulinunua plaiwudi moja nzima, ya futi 8 kwa 4. Kwa kipimo chetu hiyo ni nchi ya mita 240 kwa 120 hivi, sawa na ekari 7. Ekari 7 sebuleni si haba. Tulipigilia mbao chini isipinde, tukatandika nailoni juu yake ili maji yasipenye.

Kupandisha kilima

Hapa ndipo pazuri. Tulikata maboksi ya kadibodi tukayapanga tabaka juu ya tabaka. Kadibodi ya kawaida, tatu zikikaa pamoja zinatoa sentimita 1 hivi, yaani mita 1 ya mwinuko. Kila rundo la tatu tulilikata dogo kidogo kuliko la chini yake, mpaka kilima kikapanda sentimita 12.

Sasa angalia ukingo wa kila tabaka. Ule ukingo ni kontua. Ukiufuata kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, hupandi wala hushuki. Nimefundisha kontua kwa chaki miaka yote hii, na mwanangu aliielewa kwa kidole kimoja kwenye boksi la sabuni.

Juu ya ngazi zile tulibandika vipande vya magazeti vilivyolowekwa kwenye uji wa ngano, mara tatu, tukaacha vikauke. Usiku wa pili panya wakala kona ya kilima. Jifunze kwangu: usitumie uji. Tumia gundi nyeupe ya seremala, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji. Weka na tone la sabuni ya maji, kwa sababu bila sabuni gundi inasimama juu ya vumbi kama umande juu ya jani la gimbi, haiingii.

Udongo, mawe, miti

Usinunue rangi ya kupaka ardhi wakati ardhi yenyewe iko mlangoni. Tulichota udongo sehemu tatu: mwekundu wa mteremkoni, mchanga mweupe wa korongoni, na ule mweusi wa mbugani. Tuliuanika, tukaukaanga kidogo kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe, tukauchekecha kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Mwekundu juu, mchanga kwenye mkondo wa maji, mweusi chini kabisa. Mtu wa Dodoma akiangalia anajua yuko nyumbani kabla hajaona mti hata mmoja.

Mawe ni vipande vya mwamba wetu huuhuu. Siri ni moja: usiyaweke juu ya udongo, yazike nusu. Jiwe lililowekwa juu linaonekana limeanguka kutoka kwenye gari. Jiwe lililozikwa nusu linaonekana limezaliwa hapo.

Mbuyu unatengenezwa kwa waya wa kufungia nondo. Chukua nyaya ishirini, zisokote pamoja kuwa shina, halafu zitawanye juu kuwa matawi. Pakaa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, mnene chini na mwembamba juu, kisha majivu. Usiuwekee majani. Mbuyu wetu unasimama uchi sehemu kubwa ya mwaka, na wetu ulikuwa mbuyu wa kiangazi. Migunga ni vijiti vyenye panda, na juu yake sponji kuukuu iliyochanwachanwa na kukaa usiku kucha kwenye maji ya rangi ya kijani. Ikate bapa kwa juu kama mwavuli, usiifanye duara kama mwembe.

Shamba la mtama ni nyuzi za brashi ya kufulia, zimekatwa sentimita 2 na kusimamishwa kwa mistari. Bati linapatikana kwa kubandua karatasi ya juu ya boksi: ndani kuna migongo. Ukipima, migongo ile ni mikubwa mno, ila jicho linaikubali. Tembe ni udongo wa mfinyanzi, mapaa yake bapa.

Reli yenyewe ni waya ulionyooshwa, na mataruma ni njiti za kiberiti. Mzee alikataa njiti kubaki na rangi ya mti. "Taruma zetu zilikuwa za chuma," alisema. "Za mti mchwa wangezimaliza." Tukazipaka masizi. Chini yake tuta la udongo, na kokoto zilizochekechwa. Treni haina umeme, inasukumwa kwa kidole, na hakuna mtoto wa mtaa huu aliyelalamika.

Kalavati la kupitisha maji chini ya tuta alilitengeneza mzee mwenyewe kwa ganda la kalamu. Alitumia muda mrefu kwenye kalavati lile kuliko kwenye treni nzima. Nikamuuliza kwa nini.

Akanieleza habari za kipande cha Gulwe hadi Kilosa, ambako reli inafuata mto. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliiharibu vibaya, treni zikasimama kwa miezi. Na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya sehemu kubwa ya uwanda huu wetu, unashuka Gulwe, unaitwa Mkondoa, unakwenda kuwa Wami hadi baharini. Ukishuka unabeba mchanga, mchanga unajaza mto, na mto ukijaa mchanga maji yanatafuta njia nyingine.

"Watu walisema reli imebomolewa na mvua," mzee aliniambia. "Sisi wa gengi tulishika sepetu. Tulichokuwa tunazoa ni mashamba yenu."

Maji yalipomwagwa

Mashamba ya modeli hatukuyapaka gundi. Mzee ndiye aliyekataza. Ardhi iliyogandishwa, alisema, haisemi ukweli. Kwa hiyo miti, mawe na reli viligandishwa, udongo wa mashambani ukabaki huru.

Sasa ndugu msomaji, kuna jambo sikumwambia mtu wakati tunajenga. Mteremko ule sikuubuni. Ni mteremko wa kijiji kimoja ninachokihudumia. Misimu mitatu iliyopita niliwapimia wakulima wa kikundi fulani pale tuta la makingamaji, urefu wa mita 100. Fremu A ilikuwa imebaki mjini, nami nilikuwa nimechelewa. Nikapima kwa macho. Nina stashahada, nina uzoefu, nikaona macho yanatosha. Tuta likachimbwa kwa jasho la watu kumi na mmoja kwa siku tatu. Mlango wa kutolea maji sikuuweka. Niliwaambia tutauchimba wiki ijayo, na wiki ijayo nikapelekwa kazi nyingine.

Mvua ya Januari ilinyesha usiku mmoja. Maji yote ya mteremko yakajikusanya nyuma ya tuta, yakalipasua sehemu moja, yakaingia shamba la mama mmoja mjane aliyekuwa amepanda karanga. Asubuhi kulikuwa na korongo linalofika kiunoni. Nilipofika alinisalimia vizuri, akanikaribisha kigoda, kisha akasema, "Bibi shamba, maji yako yamefika kwangu."

Hakusema zaidi. Kwenye taarifa yangu niliandika: uharibifu umesababishwa na mvua kubwa. Ikapokelewa.

Kwenye modeli nililichora tuta lile tena kwa kidole, kwa macho, kama nilivyofanya siku ile. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka lisimame, ili niweze kusema ilikuwa mvua.

Mwanangu alitoboa kopo la maziwa kwa msumari, akalijaza maji, akainyeshea nchi yetu. Mwanzo yalikuwa mazuri kuangalia. Udongo ukabadilika rangi, maji yakateremka, yakasimama nyuma ya tuta. Halafu yote yakaanza kutembea pembeni, taratibu, kuelekea sehemu moja. Hakuna aliyeyaambia. Yakafika pale, yakapanda, yakapasua. Shamba la chini likachanika. Mchanga ukaenda ukaziba kalavati la mzee, maji yakajaa nyuma ya tuta la reli, yakapita juu. Mabehewa mawili yakalala. Mtoto akapiga makofi, akaomba tena.

Mzee alichukua mrija mwembamba wa plastiki, akaujaza maji, akapima kama fundi ujenzi anavyopima msingi. Sehemu ile ya tuta ilikuwa chini kwa milimita 2.

Milimita 2 kwenye modeli ni sentimita 20 shambani. Katika mita 100, jicho la binadamu halizioni sentimita 20. Maji yanaziona.

Nikamweleza mzee habari yote. Hakunifariji. Alisema tu kwamba kwenye gengi, mtu akiacha boliti wazi na akajua, anarudi kulikaza hata kama treni imeshapita salama. "Na yako haikupita salama," akaongeza.

Shambani ni hivi

Kabla sijaendelea, chukua haya, ndiyo faida yako leo.

Kwanza, tuta lisilo sawa ni baya kuliko kutokuwa na tuta. Bila tuta, maji yanashuka yametawanyika. Tuta lenye bonde linayakusanya ya shamba zima na kumkabidhi jirani yako mmoja.

Pili, tengeneza fremu A. Ni miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu kama herufi A, fito moja katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama pale uzi unapogusa fito. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Tembea nayo mguu kwa mguu, uzi ukae kwenye alama ya katikati, na kila mguu unapotua piga kigingi. Kazi ya saa chache, bila umeme, bila vocha.

Tatu, chimba mlango wa maji siku hiyohiyo unayomaliza tuta. Uwe mwishoni mwa tuta, chini ya kilele kwa kiganja kimoja au zaidi, usakafiwe kwa mawe, utokee kwenye nyasi na si kwenye shamba la mtu. Tuta bila mlango ni sufuria bila mfuniko wala mpini: likichemka linamwunguza aliye karibu.

Nne, panda majani juu ya tuta. Mizizi ndiyo nondo yake.

Nawe mfanyabiashara usiseme hayakuhusu. Unapotaka kujenga stoo ya mazao, finyanga kiwanja chako kwenye sinia kwa udongo wa palepale, mimina maji kwa kopo lenye matundu, uone yanakokwenda. Ni nafuu kuliko kuanika magunia ya alizeti yaliyolowa.

Nilivyorudi kijijini

Nilikata modeli vipande viwili, nikaikodia guta. Lakini kwanza nilikwenda mwenyewe kwa yule mama, bila modeli na bila kikundi. Nilimwambia: sikupima, nilikadiria kwa macho, mlango sikuuweka, na kwenye taarifa niliandika mvua.

Alinyamaza muda mrefu, akipepeta mtama. Kisha akasema alijua. Siku ile ya kupima alisimama kwenye shamba lake akaniona natembea bila kifaa. Alinisubiri niseme. Misimu mitatu.

Sikuwa na la kujibu.

Siku ya mkutano alikuja, akaizunguka modeli mara mbili. Watu walidhani atalia au atagomba. Akasema, "Mkwaju wangu hauko hapa." Akaokota kijiti, akakichomeka. Kisha akasema korongo nimelichora vibaya, halipo pale tena, limesogea kuelekea njia ya ng'ombe, akalichimba upya kwa kidole. Mzee mwingine akasema zamani mkondo ulipita nyuma ya jiwe kubwa. Kijana akaonyesha chemchemi nisiyoijua. Baada ya saa moja modeli haikuwa yangu tena.

Si jambo geni. Mwaka 2006 huko Nessuit, Kenya, watu wa jamii ya Ogiek walijenga modeli ya nchi yao ya msitu wa Mau kwa kipimo cha 1 kwa 10,000, wazee wakaijaza majina na mahali ambapo ramani za serikali hazikuwa nazo. Hata sisi Dodoma tuna historia ya kufundishwa na ardhi: mradi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa ili ardhi ipone. Wataalamu walikuwepo, vipimo vilikuwepo. Ila aliyelala na mvua juu ya paa lake anajua korongo limesogea wapi.

Tulipima upya kwa fremu A, yule mama akishika mguu mmoja. Tuta likasawazishwa, mlango ukachimbwa siku hiyohiyo, na vizuizi vya mawe vikawekwa ndani ya korongo. Nami niliandika taarifa ya marekebisho, nikaipeleka kwa mkuu wangu wa kazi kwa mkono. Alinisema, kama nilivyostahili.

Mvua za msimu huu maji yalipita mlangoni. Nilikwenda asubuhi yake nikaona mchanga umetulia nyuma ya vizuizi, unene wa vidole vitatu hivi. Sehemu ya shamba iliyoliwa haijarudi. Kwa vidole vitatu kwa mwaka, sijui kama mimi na yeye tutaiona ikirudi. Mwaka huu amepanda karanga kulia na kushoto mwake.

Modeli imebaki kijijini, kwenye ofisi ya kikundi. Mwanangu alilia siku ya kuiacha, ila treni amebaki nayo, na babu yake mdogo ameshampasulia mbao za nchi nyingine.

Kama kuna tuta shambani kwako lililopimwa kwa macho, na mimi au mwenzangu yeyote, usisubiri mvua ya Desemba. Funga fremu A wiki hii. Na kama ni mimi niliyepima, niite nije tulipime upya pamoja.

Kazi njema shambani. Alizeti wiki ijayo.